Kwa Nini Msichana Akatae Chakula?

Wenye madaftari na wafungue ukurasa mpya, maana leo tutakutana na maneno mageni matatu au manne, nami nitayasema polepole ili kila mtu apate kuyaandika.

Darasa moja la akina mama liliniletea swali la mstari mmoja. Liliuliza hivi: "Je, mtu aweza kufa kwa njaa katika nyumba yenye chakula, na chakula chenyewe amekipika yeye?" Jibu ni ndiyo, aweza. Ni ugonjwa, una jina lake, na wanawake na wasichana ndio wanaoupata zaidi. Katika hospitali za nchi ambazo hesabu zake zimewekwa vizuri, kwa kila wagonjwa 10 wa namna hiyo, kama 9 ni wanawake.

Kwanza tuutazame ugonjwa wenyewe. Msichana huanza kwa kuacha kitu kimoja, labda mafuta. Kisha huacha wali, kisha nyama, kisha hula nusu ya sahani, mwisho hula vijiko vitatu na kusema ameshiba. Nguo zamlegea, naye huvaa nguo nyingine juu yake watu wasione. Asikia baridi mchana wa jua. Damu ya mwezi yakatika. Lakini hakai kitako kama mgonjwa. Hutembea, hufagia, hukimbia, hajui kutulia. Na jambo la ajabu ni hili, nalo ndilo lililowashangaza akina mama wale: hupenda sana mambo ya chakula. Huwapikia ndugu zake, husimama karibu nao mpaka wamalize, na yeye mwenyewe akiulizwa, husema, "Nimekwisha kula." Ukimwambia kwamba amekonda hakubali. Ajitazamapo katika kioo, aona mtu mnene.

Ugonjwa huo waitwa anoreksia. Daktari William Gull wa London alilitoa jina hilo mwaka 1873, na mwaka ule ule daktari mwingine wa Paris, Charles Lasègue, alieleza habari hiyo hiyo. Neno lenyewe limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni kukosa hamu ya kula. Kwa maoni yangu jina hilo halikuchaguliwa vizuri, kwa sababu wengi wa wagonjwa hawa wanaona njaa sana. Wanashindana nayo.

Uko ugonjwa wa pili, ndugu yake. Huu waitwa bulimia, nalo pia ni neno la Kigiriki, maana yake njaa ya ng'ombe. Mwanamke mwenye bulimia hula chakula kingi mno kwa mara moja, kwa siri, kama mtu asiyeweza kujizuia, kisha ashikwa na hofu na aibu, akajitapisha au akanywa haluli. Huyu aghalabu hakondi, kwa hiyo aweza kukaa miaka mingi bila mtu kumjua, hata mumewe. Daktari Gerald Russell wa London ndiye aliyeueleza kwa jina hilo mwaka 1979. Mara nyingine daktari wa meno ndiye hugundua kwanza, maana uchachu wa matapishi hula meno.

Msidhani ni mchezo wa wasichana wanaojidekeza. Mwaka 2011 wataalamu walikusanya hesabu za tafiti nyingi pamoja, wakaona kwamba kwa kila wagonjwa 1,000 wa anoreksia, kama 5 hufa kila mwaka. Katika kila watano waliokufa, mmoja alijiua mwenyewe. Wengine moyo husimama, kwa sababu mwili uliokosa chakula au uliotapishwa sana hupungukiwa na chumvi ya potasiamu, na moyo hauwezi kupiga sawasawa pasipo chumvi hiyo. Mwimbaji mashuhuri wa Marekani, Karen Carpenter, alikufa hivyo mwezi wa Februari 1983, moyo wake umedhoofika, akiwa na umri wa miaka 32. Fedha hakuikosa, wala chakula.

Sasa twaja kwenye swali lenye ubishi. Ugonjwa huu watoka wapi? Mzee mmoja atasema ni jini. Jirani atasema ni mama mtu, amemlea vibaya binti yake. Kijana aliyesoma atasema ni televisheni na picha za kwenye simu, ati wasichana wanaiga Wazungu. Tuyapime maneno haya.

Tuanze na kijana wetu. Kama televisheni peke yake ndiyo iliyoleta ugonjwa, basi kabla ya televisheni ugonjwa usingekuwako. Lakini ulikuwako. Mwaka 1380 huko Italia alikufa Katerina wa Siena, mwanamke mtawa aliyefunga na kujinyima chakula mpaka mwili ukashindwa. Alikuwa na umri wa miaka 33 tu. Yeye alifunga kwa ajili ya dini, na wataalamu wanabishana kama yafaa kumhesabu pamoja na wagonjwa wa leo. Lakini tazameni mwingine. Mwaka 1684 daktari Richard Morton wa London alikuwa na mgonjwa wa kike katika mwaka wake wa 18, aliyekatika damu ya mwezi, akakonda hata akabaki ngozi na mifupa, na huku hana homa wala kikohozi, na usiku na mchana yuko juu ya vitabu vyake. Alichoka na dawa, akazikataa, na baada ya miezi mitatu akafa. Morton aliandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1689. Siku hizo hapakuwa na televisheni, wala mizani ya kupimia uzito chumbani.

Basi kuna kitu ndani ya mtu mwenyewe. Wataalamu wamekitafuta kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuuliza habari za ukoo. Mwaka 2000 Michael Strober na wenzake huko Los Angeles, Marekani, walionyesha kwamba mwanamke ambaye mama yake, dada yake au binti yake ana anoreksia, hatari yake ya kuugua ni kama mara 11 kuliko mwanamke ambaye jamaa zake hawana ugonjwa huo. Lakini mtu mwerevu atasema, "Jamaa hula chungu kimoja na hulala nyumba moja, labda waliigana." Ni kweli, hoja hiyo ni nzuri.

Kwa hiyo wakatumia njia ya pili, nayo ni pacha. Mnajua kwamba kuna pacha wanaofanana kabisa, hata mama yao huwachanganya, na kuna pacha wasiofanana, ambao ni kama ndugu wa kawaida waliozaliwa siku moja tu. Pacha wote, wa namna zote mbili, hulelewa pamoja na hula pamoja. Lakini wale wanaofanana wamepewa urithi ule ule mmoja, na wale wasiofanana wameshiriki nusu yake tu. Sasa ikiwa ugonjwa watokana na malezi peke yake, haina tofauti pacha wawe wa namna gani. Wataalamu walipohesabu, waliona tofauti. Kwa pacha wanaofanana, mmoja akiugua, mwenziwe naye huugua mara nyingi zaidi kuliko kwa wasiofanana. Kutokana na hesabu hizo wanakadiria kwamba kama nusu ya tofauti iliyopo kati ya watu, kwa nini huyu augua na yule haugui, hutoka katika urithi. Wengine wanasema hupita nusu kidogo. Msikosee hapa. Si kwamba nusu ya ugonjwa wa msichana fulani imetoka kwa baba yake. Ni hesabu ya watu wengi pamoja, si ya mtu mmoja. Tena hata pacha wanaofanana kabisa hawaugui wote wawili kila mara. Hilo nalo likumbukeni, tutalirudia.

Njia ya tatu ni kutazama urithi wenyewe. Andikeni neno hili: jeni. Jeni ni maagizo madogo sana yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, tuliyopewa na baba na mama, yanayoeleza nywele ziweje, urefu uweje, damu iweje. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi nyingi, akiwamo Cynthia Bulik wa Marekani, walitangaza kwamba wamelinganisha jeni za wagonjwa wa anoreksia 16,992 na za watu 55,525 wasiougua. Walipata mahali 8 panapotofautiana. Hakuna jeni moja ya anoreksia, kama vile hakuna jeni moja ya urefu. Ni nyingi, kila moja yasukuma kidogo.

Lakini lililowashangaza si idadi. Baadhi ya jeni hizo zahusiana na wasiwasi, huzuni, na tabia ya kurudia-rudia jambo na kutaka kila kitu kiwe sawa kabisa. Hayo yalitegemewa. Nyingine zahusiana na mwili wenyewe: jinsi unavyotumia sukari na mafuta, wembamba wa asili, na kutopenda kukaa bure. Yaani ugonjwa huu si wa akili tu, ni wa akili na tumbo na damu pamoja. Yafaa niseme pia kwamba watu wote waliopimwa katika kazi ile walikuwa wa asili ya Ulaya. Hesabu ya namna hiyo kwa Waafrika bado inangojewa, na mimi naona ni upungufu mkubwa.

Kuna jambo jingine katika urithi huu ambalo kila mzazi mwenye binti alijue. Kelly Klump na wenzake huko Marekani walitazama pacha wa kike wa miaka 11 na wa miaka 17, wakapima si ugonjwa wenyewe bali dalili zake, kama hofu ya kunenepa. Kwa watoto wa miaka 11 ambao hawajaanza kubalehe, urithi ulikuwa karibu na bure. Kwa wale wa miaka 17 ulifika kama nusu. Na wale wa miaka 11 waliokwisha kuanza kubalehe walifanana na dada zao wakubwa. Ndiyo kusema urithi huo umelala, na kuvunja ungo ndiko kunakouamsha. Wataalamu wengi hufikiri kwamba homoni za kike zina mkono wake humo, na huenda hiyo ni sababu moja ya wanawake kuupata zaidi ya wanaume.

Basi je, kijana wetu wa televisheni amekosa kabisa? La. Ana nusu yake ya haki.

Katika bahari ya Pasifiki kuna visiwa viitwavyo Fiji. Watu wa huko, kama wazee wa pwani yetu, walipenda mwili wenye nyama. Mtu akianza kukosa hamu ya kula, jamaa wote walifadhaika. Wana hata jina la maradhi hayo, macake, na dawa zake za miti. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika wilaya ya Nadroga. Daktari Anne Becker wa Marekani aliwauliza wasichana wa shule za sekondari maswali mwaka ule ule, televisheni ikiwa bado ngeni, kisha akawauliza wasichana wengine wa umri huo mwaka 1998. Mara ya kwanza, katika kila wasichana 100, kama 13 walijibu kwa namna inayoonyesha hatari. Mara ya pili walikuwa 29. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apunguze uzito. Mara ya pili, katika kila 100, 11 walisema ndiyo. Miaka mitatu tu! Lakini tazameni na upande wa pili: wengi wa wasichana wale walitazama televisheni ile ile na hawakujitapisha.

Kisiwa kingine ni Curaçao, karibu na Amerika ya Kusini. Huko wataalamu waliwatafuta wagonjwa wote wa anoreksia kati ya mwaka 1995 na 1998. Miongoni mwa weusi, ambao ndio wengi kisiwani, hawakumwona hata mmoja. Waliowaona walikuwa wa damu ya mchanganyiko au weupe, na wengi walikuwa wasichana wenye elimu na uwezo, waliokwenda ng'ambo na kurudi, na ambao hawakujua tena wao ni wa wapi.

Na kwetu? Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti juu ya wanawake wa Tanzania. Waliougua kweli walikuwa wachache, lakini dalili zilikuwako, na zilikwenda pamoja na kutazama sana picha na mambo ya nchi za magharibi. Bibi zetu walikuwa na ngao yao. Mwali wa pwani aliwekwa ndani, akasingwa, akalishwa vizuri, atoke amenawiri. Kukonda kulikuwa dalili ya shida au ugonjwa, na baada ya ukimwi kuingia, watu waliogopa wembamba zaidi. Ngao hiyo haijavunjika, lakini ina nyufa. Katika mji huo huo mmoja leo utaona duka linalouza dawa ya kunenepa na duka la pili linalouza chai ya kukondesha, na msichana apita katikati akiambiwa kwamba vyovyote alivyo, hafai.

Hatari iliyo wazi kuliko zote ni ile ya kujinyima chakula makusudi ili kukonda. Huko Victoria, Australia, wasichana wa shule walifuatwa kwa miaka mitatu, na habari zao zikachapishwa mwaka 1999. Waliojinyima kwa ukali, hatari yao ya kupata ugonjwa wa kula ilikuwa mara 18 kuliko wale wasiojinyima. Wapo pia wale ambao kazi yao yataka wembamba, kama wacheza dansi wa jukwaani, wanamitindo na wakimbiaji wa mbio ndefu. Na wapo waliotendewa mabaya utotoni, waliopigwa au kuingiliwa. Hao hasa hatari yao ni ya bulimia. Hili halisemwi sana majumbani, lakini ni kweli.

Ukitaka kuona urithi na mazingira yanavyokutana, tazama jiko. Kuni mbichi ukizitia kaa la moto zafuka moshi, kisha basi. Kuni kavu ukiziacha ghalani hazina neno, zaweza kukaa miaka. Tia kaa katika kuni kavu, ndipo moto uwake. Ndiyo maana pacha mmoja huugua na mwenziwe asiugue, na ndiyo maana wasichana 100 hutazama picha ile ile wakaugua wachache.

Na moto ukisha kuwaka hujilisha wenyewe. Hili lilionekana kwa wanaume, si kwa wanawake. Mwezi wa Novemba 1944, wakati wa vita, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza kazi na vijana 36 wenye afya, waliokataa kushika bunduki kwa ajili ya imani yao na wakajitolea kupimwa. Kwa majuma 24 walipewa chakula kidogo mpaka wakapoteza kama robo ya uzito wao. Watu wale waliokuwa timamu walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kukatakata mkate vipande vidogo na kukaa na sahani moja muda mrefu sana. Wakawa wakali, wenye huzuni, wakajitenga. Baadhi yao walipopewa chakula cha kutosha walikula bila kuweza kujizuia. Yaani nyingi katika tabia tunazoziona kwa msichana mgonjwa ni kazi ya njaa yenyewe. Kwa hiyo kumwambia tu "Acha ujinga, kula," ni kama kumwambia mwenye homa aache kutetemeka.

Sasa jirani anayemlaumu mama mtu. Lawama hiyo ni ya zamani. Gull mwenyewe aliona jamaa ndio wauguzi wabaya, akataka mgonjwa atengwe nao, na kwa miaka mingi katika karne ya 20 akina mama wa Ulaya na Marekani waliambiwa kwamba wao ndio chanzo. Habari za pacha na za jeni zimewavua mzigo huo. Tena katika hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, madaktari waligeuza shauri: badala ya kuwatenga wazazi, waliwapa wao kazi ya kumlisha binti yao nyumbani, kila mlo, kwa upole na kwa uthabiti, daktari akiwaongoza. Kwa wasichana ambao ugonjwa haujakaa muda mrefu, njia hiyo ndiyo inayotumainiwa zaidi hata leo. Kwa bulimia, mazungumzo ya mpango maalumu na mtaalamu husaidia wengi, wakapona.

Ukiwa na binti anayekonda, usiseme mara moja kwamba ni anoreksia. Mpeleke hospitali kwanza apimwe kifua kikuu, virusi vya ukimwi, kisukari na minyoo, maana hayo ni mengi zaidi kwetu. Damu ya mwezi ikikatika, huenda ana mimba. Lakini yakionekana hayako, na bado akataa chakula na kusema yu mnene, mwambie daktari maneno hayo waziwazi, na mwombe awaonyeshe mtaalamu wa magonjwa ya akili. Ukimwona binti anafunga siku nyingi, sikiliza moyo wake. Anayefunga Ramadhani au Kwaresima hungoja futari au Pasaka kwa furaha, mgonjwa huiogopa.

Na jambo moja la mwisho, liandikeni kwa herufi kubwa. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu asishindiliwe chakula kwa siku moja, hata kama ni kwa mapenzi. Baada ya vita vya pili vya dunia, wafungwa waliotolewa katika kambi za Wajapani walikufa baadhi yao baada ya kulishwa, si kabla, kwa sababu chakula kingi cha ghafula huvuruga chumvi za damu, hasa fosfati, na moyo hushindwa. Aliyekonda sana aanze kulishwa hospitali, kidogo kidogo, damu yake ikipimwa.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kila mmoja amwulize mwanamke mzee kuliko wote aliye karibu naye: zamani za usichana wake, mwali alilishwa nini, na msichana mwembamba aliitwaje? Andikeni mistari mitano, mwalimu aikusanye. Kwaherini.